Bei ya Wimbi Kubwa si bei ya vuli: kinachouzwa ni rangi iliyobaki

Novemba 2025, kwenye mnada wa Sotheby's mjini Hong Kong, nakala moja ya "Wimbi Kubwa", chapa ya mbao ya mchoraji Mjapani Hokusai, kutoka hazina ya Jumba la Sanaa la Okada ilinunuliwa kwa karibu dola milioni 2.8 za Marekani. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa bado mbichi. Machi 2023 Christie's ya New York iliuza nakala nyingine kwa dola milioni 2.76, ilhali makadirio yake yenyewe yalikuwa kati ya dola 500,000 na 700,000. Katikati ya minada hiyo miwili, Machi 2024, seti kamili ya karatasi 46 za mfululizo wa Hokusai wa Mlima Fuji, ambamo Wimbi limo, ilipita dola milioni 3.5, na Julai mwaka huohuo Wimbi likaingia nyuma ya noti mpya ya yeni 1,000. Habari hizi zimezaa tafsiri nyepesi: chapa za mbao za Kijapani zimepanda bei, anayetaka kuingia aingie sasa, na kwa kuwa Wimbi halishikiki, achukue mandhari nyingine za wakongwe haohao. Mandhari za vuli, yaani majira ya majani kuiva na kupukutika kule Japani, ndizo zinazomvutia mgeni haraka. Zinapendeza ukutani: majani mekundu ya momiji, mwezi mpevu juu ya ziwa, nyasi za susuki zikiinama kwa upepo.

Tafsiri hiyo imekosea, na kosa lenyewe lina gharama. Fedha zile hazikulipwa kwa ajili ya mchoro wa Wimbi. Mchoro huo upo katika nakala nyingi, na nakala iliyochapwa vibao vikiwa vimechakaa, mistari ya kisanduku cha jina imekatika, rangi imepauka na katikati kuna mkunjo, huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kilicholipiwa ni nakala: imechapwa mapema kiasi gani, na imehifadhi kiasi gani cha ilivyokuwa siku ilipotoka mkononi mwa mchapaji. Kwa mkusanyaji wa picha za vuli tofauti hii ina uzito kuliko kwa mkusanyaji mwingine yeyote, kwa sababu rangi zinazoifanya vuli iwe vuli, yaani nyekundu, chungwa, njano na zambarau ya machweo, ndizo rangi dhaifu kuliko zote zilizowahi kuwekwa kwenye kibao cha Kijapani. Anayenunua jina la mchoraji na jina la mandhari bila kusoma rangi anaweza kulipia vuli ambayo haipo tena kwenye karatasi.

Ili hoja hii ieleweke, lazima tuanze na jinsi picha hizi zilivyotengenezwa. Mchoraji alitoa mchoro wa mistari kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliubandika kifudifudi juu ya kibao cha mcheri wa mlimani, akachonga mpaka mistari pekee ikabaki imesimama. Kisha kila rangi ikapata kibao chake au sehemu yake ya kibao, na kila kibao kikawekewa alama za kento pembeni ili karatasi ikae mahali palepale kila inapowekwa. Mbinu hii ya rangi nyingi ilikomaa mwaka 1765, na mchoraji Suzuki Harunobu ndiye aliyeifanya ing'ae. Mchapaji alipaka rangi ya maji kwa brashi, akalaza karatasi ya mforsadi yenye unyevunyevu iliyopakwa dosa, mchanganyiko wa gundi ya wanyama na shabu, kisha akasugua mgongo wa karatasi kwa bareni, kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi. Hapakuwa na mashine. Mchapishaji ndiye aliyekuwa na mtaji, na ndiye aliyeamua karatasi ngapi zichapwe na kwa uangalifu gani. Mzunguko mmoja wa kuchapa ulihesabiwa kuwa karatasi 200. Picha ikiuzwa, vibao vilirudishwa kazini mara nyingi, kila mara vikiwa vimechakaa zaidi na mchapishaji akiwa na hamu zaidi ya kupunguza gharama.

Gharama ya kwanza kupunguzwa ilikuwa bokashi, ule mteremko wa rangi kutoka nzito kwenda hafifu unaoonekana angani au juu ya maji. Bokashi haichongwi. Mchapaji huifanya upya kwa kila karatasi, kwa kulowesha kibao na kuvuta rangi kwa brashi mpaka ipotee. Ni kazi ya muda na ya mkono wenye uzoefu. Ndiyo maana nakala za mapema za Hiroshige, bingwa wa mandhari wa karne ya 19, zina bokashi mbili au tatu angani, na za baadaye zina ukanda mmoja uliopakwa haraka au hazina kabisa. Katika picha ya vuli bokashi ndiyo jioni yenyewe na ndiyo ukungu wa asubuhi. Ikiondolewa, kinachobaki ni ramani ya mahali.

Sasa tuje kwenye rangi zenyewe. Nyekundu laini ya karne ya 18 na mwanzo wa 19 ilikuwa beni, inayokamuliwa kwenye petali za ua la kartamu. Ni nzuri mno na haivumilii mwanga. Picha ikiachwa ukutani miaka kadhaa, waridi hugeuka krimu na mwisho hutoweka. Zambarau nyingi za wakati huo zilikuwa beni juu ya buluu ya mmea. Beni ikififia, zambarau hubaki buluu ya kijivu, na kama buluu nayo ni ile ya ua dogo la aigami inayokimbia kwa mwanga na kwa maji, hubaki kahawia isiyo na jina. Njano ilitoka kwenye manjano ya jikoni, ambayo hupauka, au kwenye madini ya aseniki, ambayo hudumu zaidi. Chungwa kali ilikuwa tan, rangi ya risasi. Hii haififii. Inafanya kinyume: ikikutana na hewa yenye salfa hugeuka kahawia, kisha kijivu, kisha nyeusi. Ngeu, nyekundu ya udongo wenye chuma, haibadiliki kwa urahisi, lakini ni ya tofali na haina mwako wa jani lililoiva. Kwa hiyo mchapaji wa vuli alikuwa na uchaguzi mgumu: rangi yenye uhai inayokufa, au rangi inayodumu isiyo na uhai. Rangi moja pekee ilikuja kumwokoa, nayo ni buluu ya Prussia kutoka Ulaya, iliyoshuka bei na kuenea Edo, yaani Tokyo ya leo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1820. Ndiyo sababu katika nakala iliyozeeka vibaya anga na mto bado vinang'aa ilhali msitu uliotakiwa kuwaka moto umezima.

Chukua karatasi moja tuitazame kwa karibu: "Momiji za Mama, Hekalu la Tekona na Daraja la Tsugihashi", katika mfululizo wa Hiroshige wa mandhari mia za Edo uliotolewa na mchapishaji Uoya Eikichi kati ya 1856 na 1858. Mama ipo Ichikawa ya leo, mashariki ya Tokyo, na watu wa Edo walikwenda huko kutazama majani. Hiroshige ameweka shina la mti mbele kabisa, limegawanyika pande mbili, na kupitia upenyo wake unaona bonde, daraja dogo, hekalu la Tekona na milima ya mbali. Majani yanaelea mbele ya macho yako, makubwa kuliko nyumba. Picha nzima inasimama juu ya rangi ya majani hayo, na hapo ndipo penye hatari: katika nakala kadhaa zilizosalia, chungwa yenye risasi imebadilika, majani yakawa na mabaka ya kahawia na kijivu kana kwamba yameungua. Muuzaji anaweza kusema ndivyo Hiroshige alivyotaka, majani makavu ya mwisho wa msimu. Sivyo. Inua karatasi uiangalie kwa mwanga wa pembeni, kwa kioo cha kukuza mara kumi. Rangi iliyogeuka kwa kemia huwa nyeusi zaidi pale ilipokaa nene, kwenye kingo za jani na kwenye vishimo vya nyuzi za karatasi, na mara nyingi hubaki chembechembe za chungwa katikati au mgongoni mwa karatasi, ambako hewa haikufika sawasawa. Rangi iliyokusudiwa kuwa kahawia huwa ya kahawia kotekote. Kisha tazama bonde: kama kijani na buluu vimekaa imara na bokashi ya upeo wa anga ipo, una nakala nzuri yenye ugonjwa wa risasi, na bei yake ijadiliwe hivyo. Kama na bokashi haipo, usihangaike na majani.

Picha za mwezi ni vuli ya aina nyingine, na kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo naziona kuwa mahali salama zaidi pa kuanzia. Katika kalenda ya zamani ya Japani vuli ilikuwa mwezi wa saba, wa nane na wa tisa, na usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa nane ulikuwa wa kutazama mwezi mpevu. Ndiyo maana "mwezi wa vuli" ni mojawapo ya mandhari nane za jadi zilizotoka China, na Hiroshige aliirudia mara nyingi: Ishiyama juu ya ziwa Biwa katika mfululizo wa Omi, eneo la ziwa hilo, wa karibu 1834, Mto Tama katika mfululizo wa vitongoji vya Edo miaka michache baadaye, na daraja la Kyobashi katika zile mandhari mia. Mchoraji wa baadaye, Yoshitoshi, naye alitumia miaka ya 1885 hadi 1892 kutengeneza karatasi mia moja zinazozunguka mwezi. Picha hizi husimama juu ya buluu ya Prussia, nyeusi na kijivu, rangi ambazo hazikimbii. Udhaifu wao uko kwingine. Mwezi wa Hiroshige kwa kawaida hauchapwi. Ni duara la karatasi tupu lililoachwa bila rangi. Karatasi ikigeuka njano kwa sababu ya fremu yenye asidi au ikipata madoa ya kuvu, mwezi ndio wa kwanza kufa, na hakuna anayeweza kuurudisha bila kuosha karatasi, kazi ambayo mikononi mwa asiyejua huondoa dosa na kuiacha picha imelegea. Kwa hiyo kwenye picha ya mwezi anza na mwezi: weupe wake ulingane na weupe wa pambizo, na ukingo wake uwe mkali. Kisha angalia kama usiku unashuka kwa bokashi kutoka juu, au umepakwa bapa.

Wapo wanaopinga mtazamo huu wa kupima kila kitu kwa rangi, na hoja zao hazilingani uzito. Hoja ya kwanza ni ya ladha. Inasema kupauka ni sehemu ya maisha ya karatasi, na vuli iliyopoa inapendeza kuliko vuli mpya inayopiga kelele. Hii ni hoja ya heshima, na ina historia: wapenzi wengi wa Ulaya na Marekani walioanza kukusanya chapa hizi mwishoni mwa karne ya 19 walikutana na nakala zilizokwisha kupauka, wakajenga juu yake wazo kwamba rangi za Kijapani ni za unyenyekevu. Kuna ushahidi unaolipinga wazo hilo. Ndugu wawili, William na John Spaulding, walilipa Jumba la Sanaa la Boston, Marekani, mkusanyiko wao mwaka 1921, chapa karibu 6,500, kwa sharti kwamba zisitundikwe kwenye maonyesho kamwe. Nyingi zilinunuliwa Japani na Frank Lloyd Wright, msanifu majengo, aliyetumwa na ndugu hao mwaka 1913. Kwa kuwa hazijaona mwanga, beni na buluu ya aigami bado zipo, na anayeziona hatarudia kusema Wajapani wa karne ya 18 walipenda kijivu. Mtu ana haki ya kupenda nakala iliyopoa. Hana haki ya kuiuza kwa bei ya isiyopoa, akidai kupoa ndiko uzuri wenyewe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sidhani inaweza kupinduliwa. Inasema kama lengo ni kuona vuli ya Hiroshige kama ilivyoonwa mwaka 1857, basi nunua chapa iliyochongwa upya. Taasisi ya Adachi ya Tokyo, iliyoanzishwa mwaka 1928, bado ina wachongaji na wachapaji wanaofanya kazi kwa mcheri, bareni na karatasi ya mforsadi, na Unsodo ya Kyoto pia hutunza vibao na kuchapa. Karatasi ya namna hiyo huonyesha bokashi, maandishi membamba kama nywele na majani yenye mwako ambao nakala nyingi za zamani hazinao. Ni kazi ya mikono yenye thamani halisi, haikuchapwa kwa mashine kama bango. Wakusanyaji wanaoidharau hukosea. Tatizo huanza pale chapa hiyo inapoingia soko la mitumba, pambizo lenye jina la mtoaji limekatwa, karatasi imepakwa chai au imeachwa juani ili izeeke, na maelezo yanasema tu "Hiroshige, chapa halisi ya mbao". Kila neno hapo ni kweli, ila mtu ameibiwa. Kinga yake ni kuifahamu karatasi: ya enzi ya Edo, kabla ya 1868, ni nyepesi, ina nyuzi ndefu na mgongo wake unaonyesha rangi iliyopenya pamoja na mizunguko ya bareni, ya uchongaji mpya mara nyingi ni nene zaidi na nyeupe sawia. Linganisha pia mistari na nakala ya jumba la makumbusho, kwa sababu hakuna mchongaji wa pili anayeweza kurudia kila kona. Chapa ya mashine ni rahisi zaidi kuinasa, kwani chini ya kioo cha kukuza utaona vitone vya rangi vilivyopangwa safu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya tatu, na ndiyo inayosikika zaidi sokoni: wekundu ukiwa mkali, nakala ni ya mapema. Inaonekana ya akili kwa sababu inageuza yale tuliyosema kuhusu kupauka, lakini inaanguka mara tatu. Inaanguka kwanza kwa Hokusai mwenyewe. Karatasi yake ya upepo wa kusini na anga safi, ambayo watu huiita Fuji Nyekundu na ambayo husomwa kuwa ni mwisho wa kiangazi au mwanzo wa vuli, ilichapwa miaka ya mwanzo ya 1830. Nakala za mapema kabisa zina mlima wa waridi laini na anga ya buluu isiyolingana, iliyovutwa kwa mkono. Wekundu mzito wa tofali ulikuja katika uchapaji wa baadaye na ndio uliozoeleka. Anayetafuta wekundu atapita mbele ya nakala bora asiitambue. Inaanguka mara ya pili kwa historia ya kemia. Kuanzia miaka ya 1860 rangi za viwandani ziliingia Japani, na nyekundu na zambarau za enzi ya Meiji (1868 hadi 1912) zina ukali ambao beni haikuwahi kuwa nao. Ukiona karatasi inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1830 ina nyekundu inayochoma macho, na hasa kama rangi hiyo imevuja mgongoni kama wino, shaka ianze hapo. Inaanguka mara ya tatu kwa ulaghai wa kawaida: rangi iliyopauka hupakwa upya kwa brashi. Rangi iliyopakwa hukaa juu ya nyuzi badala ya kuingia ndani yake, huvuka mstari kidogo hapa na pale, na mgongo wa karatasi chini yake hauna kitu. Kipimo cha nakala ya mapema ni mistari isiyokatika, bokashi kamili na ulinganifu wa vibao. Wekundu ni shahidi mmoja tu, na wakati mwingine si mwaminifu.

Vuli za karne ya 20 zina sheria tofauti, kwa hiyo zinahitaji macho mengine. Mchapishaji Watanabe Shozaburo alifufua kazi ya mchoraji, mchongaji na mchapaji kwa soko jipya, na Kawase Hasui, aliyezaliwa 1883 na kufariki 1957, ndiye bingwa wake wa mandhari. Karatasi zake za kwanza, mwaka 1918, zilikuwa za Shiobara, bonde lenye chemchemi za maji moto na misitu inayowaka vuli, na alirudi huko mwaka 1949 kwa "Vuli ya Saruiwa". Tetemeko la Kanto la tarehe 1 Septemba 1923 na moto wake viliteketeza duka la Watanabe pamoja na vibao na akiba ya chapa, ndiyo maana Hasui wa kabla ya tarehe hiyo ni adimu na ghali. Kwa zilizofuata, rangi kwa kawaida haina tatizo kubwa. Swali ni lini ilichapwa, kwa kuwa vibao viliendelea kutumika hata baada ya mchoraji kufariki. Jibu huwa kwenye muhuri wa mchapishaji. Muhuri wa mviringo wenye kipenyo cha takriban milimita 6, pembeni chini, huhusishwa na miaka ya baada ya vita mpaka 1957. Mihuri mingine ya mraba na mistatili ni ya vipindi vya kabla, na ipo ya baada ya kifo chake. Pima kwa rula, usikisie. Kwa mchoraji mwenzake Yoshida Hiroshi, aliyefariki 1950, kazi ni rahisi zaidi: tafuta muhuri wa jizuri kwenye pambizo la juu kushoto, unaoonyesha kwamba uchapaji ulisimamiwa na yeye mwenyewe, pamoja na saini ya penseli chini. Karatasi isiyo na jizuri na yenye saini ya muhuri badala ya penseli kwa kawaida ni ya baada yake. Inaweza kuwa nzuri, lakini si bei moja. Mchoraji Ohara Koson, pamoja na ndege wake juu ya matawi ya momiji, bado anapatikana kwa bei ya kibinadamu, ingawa naye ana wachapishaji kadhaa na majina mawili zaidi ya kisanii, Shoson na Hoson, ya kujifunza.

Kabla ya kulipa karatasi ya karne ya 19, fuata mpangilio huu. Pima ukubwa: oban kamili, ukubwa wa kawaida wa chapa hizi, ni karibu sentimita 39 kwa 26, na upungufu wa sentimita moja au mbili unamaanisha imekatwa. Katika mandhari mia za Edo kukatwa si jambo dogo, kwa maana mihuri ya ukaguzi na tarehe ya karatasi nyingi ipo kwenye pambizo, na zilizobandikwa kwenye albamu zimeipoteza. Soma mihuri iliyobaki: muhuri wa kiwame ni wa 1791 hadi 1842, majina ya wakaguzi ni ya 1842 hadi 1853, na baada ya hapo huja mihuri ya mwaka na mwezi, ambapo mwaka wa Joka ni 1856, wa Nyoka 1857 na wa Farasi 1858. Usishtuke picha ya majani mekundu ikiwa na muhuri wa mwezi wa kwanza, kwa sababu muhuri unaonyesha mwezi wa kuidhinishwa. Msimu uliochorwa ni jambo jingine. Omba picha ya mgongo. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya mgongo ameshajibu swali lako. Mgongo utakuambia kama karatasi imebandikwa kwenye karatasi nyingine, kama matundu ya wadudu yamezibwa, na kama rangi imepenya. Mwisho omba picha iliyopigwa mwanga ukitoka upande mmoja, ionyeshe mikunjo na sehemu zilizosuguliwa.

Kuhifadhi ni nusu ya kununua, na kwa msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar au Muscat ni zaidi ya nusu. Majumba ya makumbusho huweka chapa hizi chini ya mwanga usiozidi laksi 50, kwa miezi michache tu, kisha huzipumzisha miaka; Jumba la Makumbusho la Brooklyn, New York, lilipoonyesha seti yake ya mandhari mia mwaka 2024, ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka 24. Nyumbani, karatasi yenye beni isitundikwe kabisa. Iweke kwenye folda isiyo na asidi, ndani ya kasha, ukutani utundike nakala iliyochongwa upya. Ya buluu na nyeusi inaweza kutundikwa mbali na dirisha, nyuma ya akriliki inayozuia miale ya urujuanimno, na isiguse kioo. Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 45 na 55. Pwani hauwi hivyo wenyewe, na kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku huumiza zaidi kuliko hali ya kudumu, kwa kuwa karatasi hupanuka na kusinyaa kila siku na kuvu hupata umande wake. Kasha lenye pakiti za silika zinazobadilishwa, na kipima unyevu cha bei ndogo ndani yake, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Bawaba ziwe mbili za karatasi ya Kijapani, zimebandikwa juu tu kwa gundi ya wanga wa ngano. Selotepu isikaribie karatasi hii; gundi yake huingia ndani ya nyuzi na doa lake ni la kudumu. Zenye chungwa ya risasi zikae mbali na moshi wa barabara na wa jiko.

Kinachobadilika sasa sokoni si bei ya jumla, ni umbali kati ya nakala nzuri na mbovu za picha ileile. Boston na Brooklyn zimeweka chapa zao mtandaoni kwa picha zinazoweza kukuzwa, hivyo mnunuzi wa Nairobi anaweza kulinganisha mistari ya karatasi anayotaka kununua na ya nakala bora kabla ya kutoa shilingi. Elimu iliyokuwa ya wauzaji wachache imefunguka, na elimu ikifunguka, nakala za wastani hazibebwi tena na jina la Hiroshige. Mwenye bajeti ya dola mia chache ana njia mbili za haki: karatasi ya mwezi yenye usiku mzuri na kasoro ndogo ya pambizo, au Koson au Hasui wa vuli wa uchapaji wa baadaye, ulioandikwa wazi kuwa ni wa baadaye. Njia ya tatu, inayotangazwa zaidi, ni jani jekundu la Hiroshige lililopauka, limekatwa na kubandikwa, kwa bei ileile. Hiyo ndiyo itakayoshuka kwanza wimbi hili la habari likipita, na wanaoiuza leo wanajua hivyo.